Eksosomu hazina wema wa asili

Kliniki za urembo, pamoja na zile zinazojitangaza kuwa zinarudisha ujana, zimepata bidhaa mpya. Baada ya miaka mingi ya kunadi seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine), sasa zinanadi eksosomu: za kuchomwa kwenye goti linalouma, za kupakwa usoni baada ya ngozi kutobolewa kwa sindano ndogondogo, za kutundikiwa kama dripu kwa aliyechoka, anayepoteza nywele au mwenye maradhi ambayo hospitali imeshindwa kuyatibu. Matangazo yake yanafanana karibu neno kwa neno. Yanasema eksosomu ni vifuko vidogo ambavyo mwili wenyewe huvitengeneza, na kwamba kazi yake ni kuzipelekea seli zilizochoka maelekezo ya kupona. La kwanza ni kweli. La pili ni kweli mara moja moja, na hapo ndipo watu wanapopotezwa.

Ninachosema ni kwamba eksosomu haina tabia yake yenyewe. Inachofanya hutegemea seli iliyoitoa, hali ya seli hiyo wakati inaitoa, na seli inayoipokea. Vifuko viwili vyenye ukubwa mmoja na umbo moja, kimoja kinaweza kuamsha kinga ya mwili na kingine kuilaza, kimoja kikamlinda mtoto tumboni na kingine kikaifichia saratani maficho. Kwa hiyo swali la kama eksosomu zinatibu au hazitibu halijibiki, kama ambavyo huwezi kujibu kama protini zinatibu. Insulini ni protini, na sumu ya nyoka ni protini vilevile.

Historia yake inasaidia kuona jambo hili. Mwaka 1983 makundi mawili ya watafiti, moja la Clifford Harding, John Heuser na Philip Stahl huko St. Louis, Marekani, na lingine la Bin-Tao Pan na Rose Johnstone huko Montreal, Kanada, yalikuwa yakichunguza chembe changa nyekundu za damu. Chembe hizi zikikaribia kukomaa huondoa vitu ambavyo hazitavihitaji tena, kikiwemo kipokezi (protini ya usoni mwa seli inayonasa kitu maalumu) cha transferini, protini inayosafirisha madini ya chuma. Kundi la St. Louis lilifunga vipunje vya dhahabu kwenye transferini ili njia yake ionekane kwa hadubini ya elektroni. Wazo lililozoeleka wakati huo lilikuwa kwamba kipokezi kilichokwisha kazi huishia kwenye lisosomu, mahali ambapo seli huvunjavunja mabaki yake. Picha zilionyesha kitu tofauti: vifuko vya kipenyo cha nanomita 50 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) vikiwa vimejazana ndani ya kifuko kikubwa, kisha kifuko kikubwa kikaungana na utando wa nje wa seli na kuvimwaga vile vidogo nje, vikiwa na vipokezi vyake. Mwaka 1987 Johnstone na wenzake wakavipa vifuko hivyo jina la eksosomu.

Namna vinavyotengenezwa inastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mfumo wa kinga unavihusu sana. Seli humeza kwanza kipande cha utando wake na kukifanya chumba cha ndani kinachoitwa endosomu. Kisha ukuta wa chumba hicho nao hujikunja kuelekea ndani na kukatika, na kutoa vifuko vidogo vyenye maji ya seli ndani yake. Utando umegeuka mara mbili, kwa hiyo upande uliokuwa wa nje wa seli unabaki kuwa wa nje wa eksosomu. Protini ambazo seli huzitokeza usoni ili kujitambulisha kwa seli nyingine, eksosomu nayo inazitokeza vilevile, zikielekea upande uleule. Seli iliyo kwenye wengu inaweza hivyo kushika kifuko kilichotoka kwenye uvimbe wa mapafu na kukutana na sura ya uvimbe huo bila kuukaribia. Ukubwa wa eksosomu ni kati ya nanomita 30 na 150, na zipo kwenye damu, mkojo, mate, shahawa na maziwa ya mama.

Kwa zaidi ya miaka kumi watafiti wengi walizihesabu kuwa taka. Kilichobadilisha mambo ni utafiti wa Graça Raposo na wenzake mwaka 1996. Walionyesha kwamba seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, hutoa eksosomu zilizobeba molekuli za MHC za daraja la pili, zile zinazozionyesha seli za kinga vipande vya antijeni (alama za kitu kigeni), zikiwa na vipande hivyo, na kwamba eksosomu hizo zenyewe ziliweza kuziamsha seli T, seli zinazoongoza na kufanya mashambulizi ya kinga. Miaka miwili baadaye Laurence Zitvogel na wenzake wakachukua eksosomu za seli za dendriti, seli za kinga zinazozionyesha seli T adui wa kushambulia, zilizokuwa zimeonyeshwa vipande vya uvimbe, wakawachoma panya wenye saratani, na uvimbe ukadumaa au ukatoweka. Mwaka 2007 Hadi Valadi na Jan Lötvall, huko Gothenburg, Sweden, wakaripoti kwamba vifuko hivi hubeba pia RNA, nakala za maelekezo ya jeni, na kwamba seli iliyozipokea iliweza kutengeneza protini kwa kutumia RNA ya seli nyingine. Kuanzia hapo taka ikawa lugha ya seli, na fedha za utafiti zikafuata.

Lakini angalia ni nani aliyekuwa akitoa eksosomu katika kila jaribio. Panya wa Zitvogel walipona kwa vifuko vya seli za kinga zilizokuwa zimefundishwa adui ni yupi. Vifuko vya uvimbe wenyewe vina habari nyingine. Mwaka 2018 kundi la Wei Guo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilionyesha kwamba seli za melanoma, saratani kali ya ngozi, hutoa eksosomu zilizobeba protini ya PD-L1 usoni. PD-L1 ikigusa kipokezi cha PD-1 kwenye seli T, seli T hupoa na kuacha kushambulia. Uvimbe hauhitaji basi kusubiri seli T zifike mlangoni. Unaweza kumwaga vizuizi kwenye damu na kuzidhoofisha zikiwa bado mbali. Na kiasi cha vifuko vyenye PD-L1 huongezeka seli za saratani zinapokutana na gama-interferoni, kemikali ambayo seli za kinga huitoa zikiwa vitani. Kinga inaposhambulia, uvimbe unajibu kwa njia hiyohiyo.

Miaka mitatu kabla ya hapo, kundi la David Lyden lilikuwa limeonyesha jambo linalonitisha zaidi. Eksosomu za saratani hubeba protini zinazoitwa integrini, na aina ya integrini ndiyo inayoamua vifuko vitatua kwenye kiungo gani: aina moja hupendelea mapafu, nyingine ini. Vikishatua huandaa mazingira ya seli za saratani kuota hapo. Panya waliochomwa kwanza eksosomu zinazoelekea mapafuni, kisha wakapewa seli za saratani ambazo kwa kawaida hukimbilia mifupa, walipata saratani kwenye mapafu. Vifuko visivyo na uhai, visivyoweza kugawanyika hata mara moja, vilibadilisha safari ya ugonjwa.

Upande wa heri nao ni mpana vilevile. Kondo la nyuma hutoa eksosomu zenye molekuli zinazozinyamazisha seli za kinga za mama, na hiyo ni sehemu ya sababu mwili wake hauukatai mwili wa mtoto, ambao nusu ya jeni zake ni za baba. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba seli zikihisi bakteria hutoa eksosomu zilizojaa kipokezi cha ADAM10, kipokezi ambacho sumu ya bakteria Staphylococcus aureus hukitumia kujishikiza kwenye seli. Sumu inavamia vifuko, seli inabaki salama. Ajabu ni kwamba mbinu za kondo la nyuma na za uvimbe zinakaribiana sana: zote mbili zinazuia kinga kwa kutumia vifuko. Tofauti ni kwamba moja inalinda uhai na nyingine inaumaliza.

Vimelea navyo havikubaki nyuma. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yaliripoti kwamba chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, hutoa vifuko ambavyo chembe nyingine zilizoambukizwa huvipokea, na kwamba vifuko hivyo huchochea vimelea kugeuka kuwa gametosaiti, umbo ambalo mbu hulichukua na kulipeleka kwa mtu mwingine. Seli zilizoambukizwa VVU nazo hutoa vifuko vyenye protini ya virusi iitwayo Nef, ambavyo kwenye maabara viliua seli T ambazo hazijaambukizwa. Njia ya kupitishia vifuko iko wazi kwa kila anayeishi ndani ya seli, awe mwenyeji au mvamizi.

Baada ya yote hayo, hoja inayorudiwa zaidi kwenye matangazo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba eksosomu ni za asili, mwili unazo tayari, kwa hiyo hazina madhara. Vifuko vyenye PD-L1 ni vya asili. Vinavyochochea gametosaiti ni vya asili. Uasili unaeleza kitu kimetoka wapi, basi. Hauelezi kitafanya nini kikiingizwa kwenye damu ya mtu mwingine, kwa wingi usio wa kawaida, bila sababu iliyokifanya kitolewe. Desemba 2019, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwa umma baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizouzwa kama eksosomu. Ilisema wazi kwamba hakuna bidhaa yoyote ya eksosomu iliyokuwa imeidhinishwa.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Wanaoitetea tiba hii husema eksosomu ni salama kuliko seli shina kwa sababu haziwezi kugawanyika na kuwa uvimbe, na kwa sababu ni ndogo kiasi cha kuchujwa ili kuondoa bakteria. Sehemu ya kwanza naikubali. Ni faida ya kweli. Ya pili inahitaji kutazamwa vizuri. Kichujio cha kawaida cha kuondoa bakteria kina matundu ya mikromita 0.22, yaani nanomita 220. Eksosomu hupita. Virusi vya homa ya ini B vina kipenyo cha nanomita 42 hivi, VVU nanomita 100 na ushei, navyo hupita. Kichujio kinachoruhusu dawa ndicho kinachoruhusu maradhi, na mashine za kutenganisha vitu kwa ukubwa haziwezi kuvitofautisha. Usalama wa bidhaa kama hiyo unategemea kupima aliyetoa seli, kupima seli zenyewe na kupima kila toleo linalotengenezwa, na kazi hiyo ni ya kiwanda cha dawa chenye wakaguzi.

Ndugu yangu mmoja aliwahi kunionyesha picha ya kichupa alichokuwa ameshauriwa kukinunua. Lebo ilitaja mabilioni ya eksosomu. Haikutaja seli zilizozitoa, wala umri wa aliyechangia seli hizo, wala zilikuzwa kwenye nini. Ile hesabu ya mabilioni ilinisumbua kuliko hata kilichokosekana. Njia ya zamani ya kupata vifuko hivi ni kuzungusha kimiminika kwenye sentrifuji kwa nguvu inayofikia mara 100,000 ya mvutano wa dunia, mpaka chini ya chupa kubaki utando mwembamba wa mashapo ambao jicho linauona kwa taabu. Ndani ya mashapo hayo mna eksosomu, mna vifuko vilivyomeguka moja kwa moja kutoka kwenye utando wa seli, mna protini zilizogandana, na kama kilichozungushwa ni plazma ya damu, mna lipoprotini zinazobeba kolesteroli, ambazo ni nyingi kuliko eksosomu kwa mbali sana. Mashine inayohesabu chembe kwa kufuatilia mwendo wake chini ya mwanga inahesabu zote. Miongozo ya jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa fani hii, iliyotolewa mwaka 2014 na kuboreshwa mwaka 2018 na tena 2023, inawataka wanasayansi wasidai wameshika eksosomu bila ushahidi kwamba vifuko hivyo vilitoka kwenye endosomu. Maabara za vyuo vikuu zenyewe zinapata shida kutimiza sharti hilo. Mgonjwa aliyeuziwa mabilioni ya kitu ambacho muuzaji hajakitambua ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili kabisa na kusema habari yote ya eksosomu imekuzwa kupita kiasi. Hawa nawaheshimu, kwa sababu wana namba. Kifuko cha nanomita 100 kikilinganishwa na seli ya mikromita 10 kina ujazo wa sehemu moja kwa milioni. Mwaka 2014 kundi la Muneesh Tewari lilihesabu maikroRNA, vipande vifupi vya RNA vinavyodhibiti jeni, kwenye maandalizi ya eksosomu na kukuta kwamba hata kwa zile zilizo nyingi, ingebidi kupekua kwa wastani zaidi ya vifuko 100 ili kupata nakala moja ya maikroRNA fulani. Seli inayopokea ina maelfu ya nakala za RNA zake yenyewe. Nakala moja mgeni itafanya nini? Tena majaribio mengi hutumia dozi ambayo mwili hauwezi kuikusanya mahali pamoja, na dawa zinazotumiwa kuzuia utoaji wa eksosomu huvuruga mambo mengine ya seli pia.

Pingamizi hilo linaivunja hoja ya RNA kwa kiasi kikubwa, na nadhani wenye fani walipaswa kulisikiliza mapema zaidi. Haliigusi sana hoja ya kinga. Kipokezi kilicho juu ya uso wa kifuko hakihitaji kuingia kwenye seli wala kuhimili kuvunjwavunjwa na lisosomu. Kugusa tu kunatosha kupeleka ishara, na seli T ina uwezo wa kuitikia idadi ndogo sana ya molekuli za MHC zenye kipande sahihi cha antijeni. Zaidi ya hapo, seli ya dendriti ikinasa kifuko inaweza kukibandika usoni na kuonyesha molekuli zake kama zilivyokuja, bila kuzichakata upya. Kwa hiyo naamini kwamba kazi za eksosomu zilizothibitika vizuri zaidi ni zile za usoni, na kwamba mtu anayeuza eksosomu kwa madai kuwa zitapanga upya jeni za seli zako amechagua sehemu yenye ushahidi mwembamba kuliko zote.

Na majaribio kwa binadamu? Yapo. Huko Essen, Ujerumani, mgonjwa aliyekuwa akishambuliwa na seli za kinga za mtu aliyemchangia seli shina za damu alipewa eksosomu za seli za mesenkima, aina nyingine ya seli shina, kutoka kwenye uboho. Ripoti ya mwaka 2014 inasema dalili zilipungua na steroidi, dawa za kutuliza kinga, zikaweza kupunguzwa. Ni mgonjwa mmoja. Ufaransa, wagonjwa 22 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea walipewa eksosomu za seli zao za dendriti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Watafiti walikuwa wameweka lengo kwamba angalau nusu wakae zaidi ya miezi minne bila ugonjwa kuendelea. Waliofikia ni asilimia 32. Seli asilia za kuua, zile zinazoangamiza seli zenye kasoro, zilipata nguvu kwa baadhi yao, jambo linaloonyesha kwamba vifuko vilifanya kitu. Ila lengo halikufikiwa, na walilisema hilo waziwazi. Hivi ndivyo elimu inavyopatikana, polepole na kwa kukiri namba. Anayetoza fedha kwa dripu ya eksosomu bila kuandika matokeo haongezi hata chembe kwenye elimu hiyo, na mgonjwa wake akidhurika hakuna atakayejua.

Kwa wagonjwa waliopona saratani, au walio nayo bila kujua, suala hili si la nadharia. Sifa mbili zinazotangazwa zaidi za eksosomu za seli za mesenkima ni kutuliza kinga na kuchochea mishipa mipya ya damu. Kwa kidonda kisichofunga hizo ni neema. Kwa uvimbe mdogo uliojificha, ndizo mahitaji yake. Tafiti za maabara zimetoa majibu yanayopingana, nyingine zikionyesha vifuko hivyo vinakuza uvimbe na nyingine vinaudumaza, na mgongano huo peke yake ungetosha kumfanya daktari asimchome mtu mzima anayetafuta tu ngozi nyororo.

Bidhaa za kupaka zinaonekana hazina madhara, na nyingi hazifanyi lolote, kwa sababu tabaka la juu la ngozi hupitisha kwa shida molekuli yenye uzito unaozidi dalton 500 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na eksosomu ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali mno. Lakini kliniki haziishii kupaka. Zinatoboa kwanza ngozi kwa sindano ndogondogo, kisha zinapaka. Ngozi ikishatobolewa, kipodozi kimekuwa sindano, kibayolojia hata kama si kisheria, na mamlaka zinazokagua vipodozi peke yake zimepitwa. Umoja wa Ulaya unakataza mazao ya seli za binadamu ndani ya vipodozi, na soko limejibu kwa kuuza vifuko vya mimea kwa jina lilelile. Mimea kweli hutoa vifuko. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba mmea wa Arabidopsis huvitumia kupeleka RNA za kuzuia kuvu inayoushambulia. Kwamba kifuko cha waridi kina maelekezo kwa ngozi ya binadamu ni dai lingine kabisa, na anayelitoa ndiye anayepaswa kulithibitisha.

Vifuko vinaweza kuwa dawa, na vingine vimekuwa dawa tayari. Bakteria wa Neisseria meningitidis humwaga vifuko kutoka kwenye utando wao wa nje. Si eksosomu, kwa kuwa bakteria hawana endosomu, lakini kwa mfumo wa kinga vinafanya kazi inayofanana: vinabeba uso wa bakteria bila bakteria mwenyewe. Cuba ilivitumia kwenye chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya kundi B mwishoni mwa miaka ya 1980, na New Zealand ikafuata mwaka 2004 kwa chanjo iliyotengenezwa kutoka aina ya bakteria iliyokuwa ikiua watoto wake. Aina ya bakteria inajulikana, dozi inapimwa kwa uzito wa protini, sumu ya utando imepunguzwa kwa makusudi, na waliochanjwa wanafuatiliwa. Ufuatiliaji huo ndio uliowawezesha watafiti wa New Zealand kugundua, mwaka 2017, kwamba vijana waliopata chanjo ile walikuwa wameugua kisonono kwa kiwango kidogo zaidi, kinga ya asilimia 31 hivi, kwa sababu bakteria wa kisonono ni jamaa wa karibu wa yule wa uti wa mgongo. Mwaka 2025 England ilianza kutoa chanjo yenye vifuko vilevile vya New Zealand kwa watu walio katika hatari kubwa ya kupata kisonono.